Lori la Kwanza kati ya Ishirini na Manne

Nilikodi pikapu kwenda kuchukua matairi ambayo yangeingia kwenye mfuko wa shati. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Kebirigo bado wanalisema, na afadhali msomaji alisikie kwangu. Mimi angalau sitaongeza chumvi. Halihitaji.

Ndugu yangu, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa amezikwa majuma machache kabla. Alikuwa fundi wa simu mjini Kisii, amepanga chumba kimoja Mosocho, hajaoa. Mimi ndiye mkubwa wake. Nalima chai na ndizi nyumbani, na shule niliiacha darasa la saba, au shule iliniacha mimi, sina hakika nani alitangulia. Kwenye mazishi sikulia. Si kwa ushujaa. Machozi yangu ni kama mfereji wa kijiji, watu wakikusanyika na ndoo hayatoki.

Jambo moja lilimuuma mama siku hiyo kuliko udongo wenyewe. Jamaa mmoja alisema, nyuma ya hema lakini kwa sauti ya mbele ya hema, kwamba kijana ameondoka na hakuacha kitu, hata nyumba hakujenga. Ni kweli hakujenga. Tulimsimamishia kibanda cha mabati haraka kabla mwili haujafika, maana kwetu mwanamume mzima hazikwi kama mpita njia. Mama alisikia maneno yale. Tangu siku hiyo alikuwa akikaa jikoni akimenya ndizi nyingi kuliko watu wa kuzila.

Simu ya marehemu nilibaki nayo mimi. Nilikuwa naichaji, sijui kwa nini. Ijumaa moja ikalia nikiwa katikati ya chai, kikapu mgongoni.

"Ni ofisi ya mizigo hapa Kisii," akasema msichana. "Mzigo wako umefika."

"Mwenyewe hayupo. Mimi ni ndugu yake."

"Basi uje na kitambulisho chake na chako. Ni spea za lori."

"Spea za nini?"

"Za lori. Nasoma hapa. Matairi sita, radieta moja, vioo vya pembeni, vishikio vya milango, ngazi."

"Ni mzigo mzito?"

"Mimi niko dawati la mbele, sijauinua. Lakini matairi sita, wewe mwenyewe unaonaje?"

Niliona yalikuwa mazito sana. Nikaacha kikapu pale pale kwenye mistari ya chai nikaenda kumwambia mama kwamba ndugu yangu alikuwa na lori. Sikusema "huenda." Sikusema "nadhani." Nilisema alikuwa na lori, na kufika mwisho wa sentensi nilikuwa nimeshaliona, rangi yake ni buluu.

Mama aliweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja.

"Nilijua," akasema. "Nilijua hakukaa bure huko."

Siku iliyofuata ilikuwa Sabato. Wakati wa ushuhuda mama alisimama, na mama yetu si mtu wa kusimama. Akasema Mungu ni mwaminifu, mwanawe amemwachia lori. Kanisa likaitikia amina ambayo nina hakika ilisikika kwa Wakatoliki. Baada ya ibada mzee wa kanisa alinivuta kando akaniuliza kama lori hilo lingeweza kutusaidia kubeba mawe ya ukuta. Nikamjibu, "Tutaangalia ratiba." Nililitamka neno ratiba kama mtu aliyezaliwa katika ukoo wa malori.

Jumatatu nikakodi pikapu ya jirani. Nikabeba kamba, na magunia mawili ya kutandika ili matairi yasikwaruze bodi, maana jirani yule anaipenda pikapu yake kama binti anayesoma. Ofisini msichana alitazama vitambulisho, akanipa kalamu, nikatia sahihi, akanisukumia bahasha.

"Na matairi?" nikauliza.

"Yamo."

"Yamo wapi?"

"Humo, baba. Ndani."

Nilitoka nje. Jirani alikuwa ameshashusha mlango wa nyuma na kukunja mikono ya shati.

"Tusaidiane," akasema. "Yako wapi?"

Nikainua bahasha.

"Hiyo ni risiti. Nauliza matairi."

"Yamo."

Aliichukua, akaitikisa karibu na sikio. Ikalia kama karanga. Kisha bila kucheka akatandika magunia yote mawili, akaiweka bahasha katikati, akaifunga kwa kamba, fundo la mbele na fundo la nyuma. Akaendesha polepole mpaka nyumbani. Kila tulipofika kwenye tuta alipunguza mwendo na kusema, "Tusije tukamwaga mzigo."

Huko nyumbani baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, alikuwa ametungoja. Hakungoja kwa kukaa tu. Alikuwa ameng'oa nguzo ya lango na kufyeka ua upande mmoja, ili siku lori likija lipite bila kukwaruzwa. Pale palipokuwa na lango sasa palikuwa na pengo ambalo hata treni ingepita, kama ingepotea njia ikafika Kebirigo.

Tulifungua bahasha mezani, mama akiwa amesimama nyuma yetu. Kulikuwa na matairi sita ya kijivu, kila moja dogo kama kifungo cha koti, limeota juu ya kisiki kidogo cha kitu hicho hicho, kisichong'aa, kama jiwe la vinyago la Tabaka kabla ya kung'arishwa. Kulikuwa na kipande cha shaba chembamba kama karatasi ya peremende, kimechongwa vioo, vishikio na ngazi, vyote vimeshikana kwa nyuzi nyembamba za shaba. Na juu ya kikaratasi kulikuwa na picha ya lori, na maandishi 1/24.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu ukituma ndizi Nairobi kwa basi, magunia matatu, unaandika juu ya kila gunia kwa kalamu nene. La kwanza 1/3, la pili 2/3, la mwisho 3/3, ili huko wajue hakuna lililoshukia njiani kwa bahati mbaya. Baba mdogo ametuma ndizi maisha yake yote. Akaweka kidole juu ya 1/24, akakiacha hapo.

"Hili ni la kwanza," akasema. "Bado ishirini na matatu."

"Ishirini na matatu nini, tatamoke?" Tatamoke ndivyo tunavyomwita baba mdogo.

"Malori."

Nilimwambia hakuna malori. Nilimwambia hivi vilikuwa vitu vya kuchezea, kwamba bila shaka ndugu yangu alikuwa akiunda kigari. Nilisema kweli, lakini niliisema kwa sauti ile ile niliyoitumia Ijumaa kusema kuna lori, kwa hiyo haikuwa na thamani.

"Mtu hununua spea za kitu asicho nacho?" akauliza. "Wewe una kengele ya ng'ombe ambaye huna?"

"Sina."

"Hii ni sampuli. Mtu mwenye akili huonyeshwa sampuli kwanza. Sasa nikuulize, mwanangu. Chumba cha Mosocho nani alikifunga?"

"Mimi."

"Simu iko kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi. Jumapili ukoo unakaa kugawa vitu vya marehemu. Lori liwe hapa uani."

Akaondoka kupitia kwenye pengo lake. Mama alingoja mpaka jioni, tulipobaki wawili. Ndipo akasema, akitazama moto, "Nimesema kanisani."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningelala. Mimi ndiye niliyempa lori asubuhi ya Ijumaa na kumnyang'anya Jumatatu, na sasa ama angekuwa mama aliyedanganya mbele ya madhabahu, ama mimi ningekuwa mtu aliyeiba kwa maiti ya ndugu yake. Nilitafuta njia ya tatu usiku kucha. Akili yangu si ya kutafuta njia nyingi. Nilipata moja. Lori liwe uani, amesema. Basi lingekuwa uani.

Katika vitu nilivyoleta kutoka Mosocho kulikuwa na boksi pana lenye picha ya lori, nililolitupa juu ya kabati nikidhani ni la viatu vya mtu anayependa malori. Nikalishusha. Ndani ndugu yangu alikuwa ameshaunda fremu yote, amepaka rangi kichwa cha lori na bodi. Rangi ilikuwa kijani, si buluu. Vibano vyake vya kufanyia simu vilikuwamo, na gundi, na lenzi ya kuvaa jichoni. Kwenye mfuko wa nailoni peke yake kulikuwa na matairi yaliyokuja na boksi, meusi, mazuri, mviringo kabisa. Alikuwa ameyakataa.

Kwenye simu yake niliona picha za watu wa nchi za mbali wanaofanya kazi hiyo hiyo. Nikaelewa kidogo. Boksi linakupa lori ambalo mtu yeyote anaweza kuliunda. Kisha mafundi wengine wanauza vipande bora zaidi vya lori hilo hilo, ili lifanane na lile la barabarani. Ni kama mtu anunue koti zuri la mitumba, kisha alipeleke kwa fundi kubadilishwa vifungo. Ndugu yangu alikuwa mtu wa vifungo. Mimi nimevaa koti langu la Sabato bila kifungo cha kati tangu nilinunue.

Nilianza na matairi. Sikujua kwamba visiki vile ni vya kukatwa na kutupwa. Nilidhani ni jeki. Niliyagandisha yote sita na visiki vyake, nikapata lori lililosimama juu ya mawe kama yale yaliyokufa nyuma ya gereji. Ikabidi niyabandue na kukata visiki kwa msumeno wa chuma, ule ninaokatia kufuli tukipoteza funguo. Vumbi likanijaa puani. Ndipo nikaona kasoro. Kila tairi lilikuwa bapa upande mmoja, na hapo kwenye ubapa limefura kidogo pembeni.

Pancha. Sita, na zote mpya. Nikamhurumia ndugu yangu, kwamba hata huko ng'ambo kuna matapeli. Nikachukua tupa, nikaketi kutengeneza la kwanza, nikilisugua pande zote mpaka likawa mviringo. Lilichukua mchana mzima. Lilikuwa mviringo kweli, lakini lilikuwa limebaki dogo kuliko wenzake. Yale matano nikayaacha na pancha zao, kwa uvivu. Sijawahi kunufaika na uvivu namna hiyo.

Milango nayo. Mlango wa kushoto ndugu yangu alikuwa ameukwangua, hauna kishikio cha plastiki, upara mtupu. Nikadhani kiwanda kilisahau, nikabandika kishikio cha shaba. Mlango wa kulia ulikuwa na kishikio chake cha plastiki. Nikabandika cha shaba chini yake, maana kililetwa na sikutaka kipotee. Kioo kimoja kiliruka kutoka kwenye kibano nikakitafuta sakafuni kwa magoti mpaka mama akauliza kama nimeanza kusali kila saa. Nilikikuta kwenye unga wa wimbi. Gundi ile ilinishika kidole gumba na cha shahada vikawa kitu kimoja, na vidole hivyo viwili ndivyo mtu anachumia chai. Nilichuma kwa mkono wa kushoto. Kwenye kituo cha kupimia majani karani alitazama kikapu changu, akatazama mkono wangu.

"Unanipa ishara gani hiyo?"

"Ni gundi."

"Nilidhani umejiunga na kitu."

Hapo kituoni ndipo nilipotatua ile 1/24. Lori la kiwanda lilikuja kuchukua majani. Nikatoa kamba ya katani nikalipima kutoka bampa ya mbele mpaka nyuma, dereva akinitazama kwa kioo.

"Wewe," akasema. "Unanipimia sanduku?"

"Napima lori."

"Lori likifa utalizika wapi?"

Nilicheka. Kisha nikakumbuka kwamba nilipimia sanduku mtu mwingine si muda mrefu uliopita, kwa kamba hiyo hiyo, nikaikunja haraka. Nyumbani niliikunja tena na tena mpaka ikapata mikunjo ishirini na minne. Mkunjo mmoja ukalingana na lori langu, pungufu upana wa kidole.

Jumapili ukoo ulikaa uani. Vitu vya marehemu vilikuwa vichache, kitanda, nguo, meza ya kazi, jiko la gesi. Baba mdogo alikuwa amekalia kiti kilichotazama pengo la lango, tayari kwa lolote litakaloingia. Nikatoka ndani nimeshika trei ya chai, na juu ya trei lori. Nikaliweka mezani.

Kuku alipita.

"Hili ndilo?" akauliza baba mdogo.

"Ndilo, tatamoke."

"Na ishirini na matatu?"

Nikakunjua kamba uani, kutoka kwenye mguu wa meza mpaka karibu na jikoni. "Huu ndio urefu wa lori la kiwanda," nikasema. "Ukiyapanga madogo haya ishirini na manne, moja nyuma ya lingine, yanaifikia kamba. Ndiyo maana ya ile namba. Hakuna mengine. Sikuficha kitu. Niliwaambia ni lori kubwa kwa sababu nilikuwa mjinga na nilikuwa na furaha, vyote pamoja."

Baba mdogo aliikanyaga ncha ya kamba kwa kiatu kana kwamba ingetoroka. Aliitazama hadi mwisho, akarudi kwa lori. Akavaa miwani. Akagusa mlango wa dereva kwa ukucha.

"Vishikio viwili."

"Ndiyo."

"Kimoja cha kuingilia, kimoja cha kutokea."

Watu wakaanza kucheka, na nikajua angalau mwizi hachekwi namna hiyo. Lakini mama hakucheka. Alikuwa ameinama, shavu karibu na meza, akilitazama lori kutoka chini, kama wanawake wa soko wanavyotazama matairi kabla ya kumwambia dereva aondoke. Mama ameuza ndizi miaka mingi, Kebirigo na mpaka Nyamache siku za soko. Mikungu aliyopakia ni mingi.

"Haya matairi yana nini?" akauliza.

"Pancha," nikasema. "Walimuuzia mabovu. Moja nimelitengeneza."

"Nani amekwambia ni pancha?"

"Yamelala chini, mama."

"Tairi la pancha linakunjamana, halafu lori linainama upande. Hili halijainama." Alipitisha kidole kwenye ubapa wa tairi la mbele, pale lilipofura. "Haya yamekandamizwa. Hili lori limebeba."

Baba mdogo naye aliinama, wawili wale wazee shavu kwa shavu juu ya meza. Nami nikainama, na kwa mara ya kwanza nikaona. Ubapa wote ulitazama ardhini. Ndugu yangu aliyakataa matairi mazuri ya mviringo kwa sababu lori jipya la dukani ndilo lenye matairi ya mviringo. Alikuwa amekua akiyaona malori ya soko, tangu amebebwa mgongoni, na alitafuta dunia nzima mtu wa kumuuzia tairi lililolemewa.

"Bodi ni tupu, lakini," akasema baba mdogo, taratibu.

"Ndiyo, ni tupu," akasema mama. "Na limebeba."

Baba mdogo alilisukuma lori kwa kidole. Likaenda kidogo. Akainama tena, akaona tairi moja la nyuma haligusi meza. Lilikuwa hewani, mviringo, limesuguliwa vizuri.

"Na hili lisilobeba?"

"Ndilo nililotengeneza mimi," nikasema.

"Nilijua. Katika matairi sita, moja tu halibebi, na hilo ni wewe."

Walicheka mpaka majirani wakaja kwenye ua kuuliza kikao kimekuwa harusi lini. Lori akapewa mama, hakuna aliyebisha. Pengo la lango hakuna aliyejitolea kuliziba. Mpaka leo ng'ombe wa jirani wanalitumia.

Sabato iliyofuata mama alilifunga lori kwenye leso akaenda nalo kanisani. Nilimsihi asilipeleke. Nilimwambia nitasimama mimi, niseme kosa ni langu, maana ni langu. Akasema neno lilitoka kinywani mwake na litarudi kinywani mwake. Wakati wa ushuhuda akasimama, akafungua leso, akaliinua.

"Nilisema mwanangu ameniachia lori," akasema. "Ni hili."

Waliokuwa mbele waliliona, wa nyuma wakauliza wa mbele. Kicheko kikaanza pembeni na kutembea benchi hata benchi. Mama alilishikilia tu. Mzee wa kanisa, mtu mwema ambaye hawezi kuuacha mzaha upite, akauliza kutoka kwenye kiti chake, "Na mawe yetu, mama? Litayabeba?"

"Haliwezi," mama akasema. "Limeshabeba."

Kicheko kikapungua, kikaisha. Mama akalifunga lori kwenye leso, akaketi kando yangu, akaliweka mapajani na mikono miwili juu yake. Mimi niliinamisha kichwa. Kulikuwa na gundi iliyobaki kwenye kidole gumba, nikaanza kuibandua, na niliibandua mpaka mwisho wa ibada, ingawa kufika wimbo wa pili sikuwa nakiona kidole vizuri.